Pikipiki na Mwanagenzi Wake Katika Mji wa Tanga

Hapana mji katika pwani ya Tanzania uliosifika kwa baiskeli kama Tanga. Sababu yake haina siri. Ardhi ya mji ni tambarare, na njia za Ngamiani zimenyoka na kukatana kama ukili wa mkeka, nazo huitwa kwa hesabu, Barabara ya 1, ya 2, ya 3 na kuendelea, hata mgeni asiyemjua mtu hupotea kwa shida. Wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake, hata mama aliyejifunga baibui na kutia kikapu nyuma, wamekipanda chombo hicho miaka mingi bila ya mtu kugeuza shingo kuwatazama. Kwa hiyo atakaye kuandika habari za pikipiki katika mji huu hana budi kuanza na baiskeli. Baiskeli ndiyo iliyokuwa chuo cha mpanda pikipiki, na walio wengi hawakupata chuo kingine. Chuo hicho kilifundisha mambo mengi kwa usahihi. Mawili matatu kiliyafundisha kinyume, na kinyume hicho kimewagharimu watu viungo na maisha.

Baiskeli ina mahali pake hata katika tarikhi ya vita vya Tanga. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilizochukua askari kutoka India zilitokea mbele ya bandari. Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, aliteremka kwa reli ya Usambara, na usiku wa kuamkia tarehe 4 alitoka upande wa Kange akaingia katika mji uliohamwa na watu wake. Alikuwa juu ya baiskeli, pamoja na wenzake wawili. Walipita mitaani kimya, wakafika karibu na bandari, wakaziona kwa macho yao meli za adui zikiwaka taa. Jemadari Aitken wa upande wa pili hakuupeleleza mji kwa namna hiyo, na mapigano ya siku iliyofuata yalimshinda. Vitabu vingi hupenda kusimulia habari za nyuki waliowavamia askari katika vita hivyo. Baiskeli husahauliwa, ingawa yamkini ilifanya kazi kubwa kuliko nyuki.

Pikipiki nayo iliingia nchini kwa mlango wa vita. Katika majeshi ya Jan Smuts yaliyoteremka bonde la mto Pangani mwaka 1916 kilikuwako kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini, na mwezi wa Julai wa mwaka huo Tanga ikatwaliwa. Lakini nchi haikuwa tayari kwa mashine. Farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, magari yalizama katika matope, na mzigo wa vita ukabaki juu ya vichwa vya wapagazi, ambao maelfu yao hawakurudi makwao. Basi mtu wa pwani aliiona pikipiki mara ya kwanza kama chombo cha askari mgeni kilichompita kwa kelele na moshi, naye ana gunia kichwani. Miaka mingi ilipita kabla chombo hicho hakijageuka kuwa chake.

Kilichoileta fedha ya kununulia vyombo kilikuwa mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida; iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka katika miche hiyo michache yalienea mashamba yaliyoifunika nchi tangu Muheza hata Korogwe na kuvuka. Bei ya singa ilipopanda wakati wa vita vya Korea, baina ya 1950 na 1953, Tanga ilionja neema ambayo wazee waliizungumza muda mrefu baadaye. Karani, mnyapara na fundi wa mtambo waliweza kuweka akiba ya kununua Raleigh au Phillips. Pikipiki ilibaki mbali na mikono yao. Ilikuwa mali ya msimamizi wa shamba, ya polisi, ya padri mwenye vigango vingi, na ya mfanyabiashara aliyependelea Vespa, chombo cha Kiitalia kilichoanza kutengenezwa mwaka 1946 na ambacho hakimchafui mpandaji nguo.

Jina lenyewe lilitungwa na sikio. Chombo kilisema piki-piki kikisimama na kutetema, na watu wakakiita kama kilivyojiita. Wenye kulaumu Kiswahili kwa kuokota maneno ya wageni wangefaa kulikumbuka neno hili, kwa kuwa baiskeli ilikuja na jina lake la Kiingereza lakini pikipiki ilipewa jina hapa hapa.

Mwanagenzi wa miaka hiyo alikabiliwa na tatizo ambalo wa leo halijui. Vyombo havikupatana. Pikipiki ya Kiingereza, kama BSA, iliwekwa gia katika mguu wa kulia na breki ya nyuma katika mguu wa kushoto. Vespa ilikuwa na gia katika mkono wa kushoto, ikazungushwa pamoja na klachi. Zilipokuja Honda na Yamaha za Kijapani, gia ilihamia mguu wa kushoto na breki mguu wa kulia. Mtu aliyezoea BSA akipewa Honda alikuwa mwanagenzi upya. Tena alikuwa mwanagenzi wa hatari, maana mguu una kumbukumbu yake, na katika fazaa mguu hutenda kabla akili haijauliza. Alitaka kusimama, akakanyaga gia. Viwanda vya Uingereza vilipoanguka katika miaka ya 1970, utaratibu wa Kijapani ukawa ndio utaratibu, na vyombo vya India na China vilivyofuata viliuchukua. Hata hivyo tofauti ndogo zilibaki. Katika Honda nyingi gia ya kwanza hukanyagwa chini na zilizosalia hupandishwa juu, lakini kuna Boxer ambazo gia zake zote hukanyagwa upande mmoja, na kijana aliyefunzwa kwa moja huchanganyikiwa juu ya nyingine.

Inafaa sasa kutazama kilichotokea hasa mtoto wa baiskeli alipopanda mashine. Mtoto wa Tanga aliijua baiskeli kabla miguu yake haijafika chini. Aliazima au alikodi, akapitisha mguu mmoja chini ya chuma cha kati, akaendesha amejipinda ubavu kama kaa. Alianguka, akainuka, na baada ya siku chache mwili wake ulikuwa umejua jambo ambalo hakuna mwalimu awezaye kulieleza kwa maneno: kwamba chombo cha magurudumu mawili husimama kwa mwendo, na kwamba kinapoinamia upande, usukani hufuata upande huo huo. Elimu hii ndiyo ngumu kuliko zote, na mwenye baiskeli huja nayo. Ndiyo sababu kijana wa Makorora au Chumbageni aliweza kuazimwa pikipiki alasiri, akapelekwa uwanjani au katika njia za shamba la mkonge zisizo na magari, na kabla ya magharibi akawa anakwenda na kurudi peke yake. Aliyemfunza alikaa nyuma, akimwambia lini aachie klachi, nayo iachiwe taratibu. Chombo kiliruka na kuzimika mara nne tano. Mara ya sita kikaondoka. Watazamaji wakasema amekwisha jua.

Hapo ndipo penye kosa. Baiskeli humfundisha mtu kwamba mwendo ni jasho lake, na akiacha kukanyaga, mwendo hupungua. Pikipiki haina sheria hiyo. Mafuta huongezwa kwa kuzungusha mkono wa kulia kuelekea nyuma, na binadamu akishtuka, desturi yake ni kukaza mikono na kujivuta nyuma. Kwa hiyo mwanagenzi anayeogopa huongeza mwendo kwa kuogopa kwake, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo anavyokaza. Wengi walioingia katika ukuta au katika kibanda cha mama lishe siku yao ya kwanza waliingia kwa njia hiyo, na waliosimama kando walidhani ni ujuba.

Funzo la pili la kinyume ni la breki. Kila mtoto wa baiskeli ameonywa asibane breki ya mbele, asije akarushwa juu ya usukani. Na baiskeli nyingi zilizotumika mjini zilikuwa na breki ya nyuma peke yake, nyingine hazikuwa na hata hiyo, ila kisigino kwenye taili. Onyo hilo alilihamisha kama lilivyo mpaka kwenye pikipiki. Lakini chombo kizito kinaposimamishwa ghafula, uzito wake huegemea mbele, na gurudumu la nyuma hubaki jepesi. Likibanwa peke yake hukwama na kuteleza. Nguvu kubwa ya kusimamisha pikipiki imo katika breki ya mbele, ikibanwa kwa kiasi na gurudumu likiwa limenyoka. Fundisho hili halipatikani kwa kuangalia wenzi. Kwa upande wa pili, katika mchanga mwingi wa njia za pwani, au katika udongo mwekundu wa Muheza na Amani baada ya mvua, breki hiyo hiyo ya mbele humlaza mtu chini mara moja. Mjuzi hubadili mkono kwa kadiri ya njia. Mwanagenzi ana sheria moja tu, tena aliitoa utotoni.

Maadamu pikipiki zilikuwa chache, makosa haya yalikuwa ya watu wachache. Mambo yalibadilika pole pole. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967, lakini pigo lililoangusha zao lilikuwa kamba za nailoni na jamaa zake. Nchi iliyotoa zaidi ya tani 200,000 za singa katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa ikitoa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho miaka thelathini baadaye. Katika miaka ya 1970 na 1980 fedha ya kigeni ilikuwa adimu, na pikipiki iliyoonekana vijijini aghalabu ilikuwa ya serikali au ya mradi, chini ya bwana shamba au mganga. Biashara ilipofunguliwa, tangu 1984 na kuendelea, viwanda vya Tanga vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kimoja. Mji ukawa na vijana wengi wenye nguvu, wasio na shamba wala kiwanda, lakini wote wenye kujua baiskeli.

Neno bodaboda lilizaliwa mbali na Tanga. Lilianza katika miaka ya 1960 huko Busia, baina ya Kenya na Uganda, ambako vijana wa baiskeli waliwavusha abiria kutoka kituo kimoja cha forodha hata cha pili wakinadi kwa Kiingereza kwamba wanakwenda mpakani. Baiskeli ikageuka pikipiki, na jina likabaki. Pikipiki za bei nafuu za China na India zilipoingia kwa wingi katika muongo wa kwanza wa karne hii, biashara hiyo ilienea Tanzania nzima kabla sheria haijaitambua. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 ilikuwa imedai leseni tangu zamani. Ruhusa ya kuchukua abiria kwa malipo ilikuja baadaye, na Kanuni za mwaka 2010 zikaweka masharti ya leseni, kofia ngumu, na abiria mmoja. Tangu 2019 usimamizi wa jambo hilo u mikononi mwa LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA. Sharti la abiria mmoja lilipata jibu lake mitaani: watu watatu au wanne juu ya pikipiki moja huitwa mishikaki, na neno hilo lina mzaha mwingi kuliko linavyostahili.

Ni kosa kudhani kwamba kijana hujifunza kwa haraka kwa sababu hana adabu. Haraka yake ina hesabu. Mara nyingi chombo si chake. Mwenye chombo humpa kwa hesabu ya kila siku, au kwa mkataba ambao kijana hulipa kila jioni mpaka kimekuwa mali yake, na siku ya kujifunza ni siku isiyolipwa, wala mwenye mali haisamehi. Basi huanza kazi akiwa na ujuzi wa alasiri mbili, na masomo yaliyosalia huyapata mgongoni mwake amekaa abiria aliyelipa nauli. Zaidi ya hayo, mtu wa nyuma hubadili chombo kizima. Huchelewesha kusimama, huvuta katika kona, na akishtuka humkumbatia mpandaji mikono. Alasiri zile mbili hazikuwa na mtu wa nyuma ila mwalimu, ambaye alijua kukaa.

Matokeo yake yanaonekana katika hospitali ya Bombo kama yanavyoonekana Muhimbili: mifupa ya miguu iliyovunjika, na vichwa. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi nyingi na kutolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa kadiri ya asilimia 69 na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Joto la pwani, hata hivyo, ni adui wa kofia, na abiria wengi huchukia kuvaa kofia iliyovuliwa sasa hivi na mtu wasiyemjua. Wengine, hasa wanawake waliojifunga vilemba na mitandio, huishika mkononi kama mkoba.

Siku hizi pikipiki za umeme zimeanza kuonekana katika miji ya Afrika Mashariki, kwanza Kigali na Nairobi. Hazina klachi, hazina gia, wala hazisemi piki-piki. Mwanagenzi wake hapati ile shida ya kuzimika mara tano uwanjani, na kujifunza kwake kunaweza kuwa kwa robo saa. Mkono wa kulia, lakini, umebaki pale pale, na huzungushwa kuelekea nyuma kama zamani.