Masereka: Babu zetu walipokelewa, sasa ni zamu ya vijana kupokea

Tukisema urithi, wengi tunawaza shamba. Huku Masereka, kwenye milima ya baridi ya Lubero, shamba la viazi au la vitunguu ni jambo zito kweli. Lakini babu na bibi zetu walituachia pia desturi ya kupokea mgeni, na desturi hiyo ina historia yake.

Zamani, kijiji cha Wayira, tunaoitwa pia Wanande, kilikuwa na kyaghanda. Ilikuwa nyumba ya wote, na moto ukiwaka ndani. Hapo wazee walikata maneno, wanaume walikula pamoja chakula kilichotoka katika kila jiko, vijana walisikiliza na kujifunza, na mpita njia alipata mahali pa kuketi. Tuseme ukweli: kyaghanda ilikuwa ya wanaume. Wasichana walifundishwa na bibi zao jikoni. Lakini bila majiko hayo ya akina mama, hakuna mgeni ambaye angekula.

Kwa nini wazee wetu waliheshimu mgeni hivyo? Kwa sababu wao wenyewe walikuwa wasafiri. Wayira na Wakonzo wa Uganda ni ndugu, waliotenganishwa na mpaka wa wakoloni. Mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha Mbuga ya Albert, inayoitwa leo Virunga, kisha wakaipanua, na ardhi ya kulima ikapungua. Milima ilipojaa watu, familia nyingi za Lubero ziliteremka kutafuta mashamba upande wa Beni, wa Manguredjipa, hata Mambasa huko Ituri. Huko waliwakuta wenyeji: Wambuba, Walese, Wapere, Wambuti. Familia nyingi za kwetu zina mjomba au shangazi anayelima huko hadi leo, kwa kuwa kuna mtu aliyekubali kumkatia babu yetu kipande cha msitu.

Askofu Emmanuel Kataliko, mwana wa Lubero, aliongoza dayosisi ya Butembo-Beni tangu 1966. Mwaka 1997 alitumwa Bukavu, kwa watu wa lugha nyingine, baada ya Askofu Mkuu Munzihirwa kuuawa mwaka 1996. Watu wa Bukavu walimpokea kama baba yao. Mwaka 2000 waasi wa RCD walipomzuia kurudi huko kwa miezi saba, waumini wa Bukavu walilalamika kama waliopokonywa mzazi. Hawakujali kabila lake.

Leo njia imegeuka. Tangu mauaji ya Beni yaanze Oktoba 2014, familia zinakimbia kutoka kule ambako babu zetu walipokelewa. Na tangu Kanyabayonga ianguke mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, wengine wanapanda kutoka kusini mwa Lubero. Pamoja nao umekuja woga. Mtu akisema Kiswahili cha lafudhi nyingine, anatazamwa vibaya. Woga huo una sababu, kwa maana damu imemwagika. Lakini mgeni wa kyaghanda aliketi mbele ya macho ya wote na kueleza habari zake. Usalama ulitoka katika kumfahamu, si katika kumfukuza.

Hapo ndipo kazi ya vijana inapoanza. Siku ya salongo, vijana wakitengeneza barabara au kusafisha chemchemi, wawaite pia vijana wa familia zilizokimbia, bila kuwaachia sehemu ngumu peke yao. Timu ya mpira isiwe ya wenyeji tu. Skauti, Kiro na Xaveri waandike majina ya watoto wageni kama wanavyoandika ya wenyeji. Wasichana waketi katika mkutano na kusema, jambo ambalo kyaghanda ya zamani haikuwapa. Na mgeni asiyejulikana apelekwe kwa mkuu wa mtaa mchana, mbele ya watu, asihukumiwe barabarani na kundi lenye hasira.

Ninyi vijana mliokuja, msingoje kuitwa. Chukueni jembe, mje. Na sisi wenyeji tuwaulize wazee wetu, wangali hai, ni nani aliyewapokea walipoteremka Beni. Tukishasikia jina la huyo mtu, itakuwa vigumu kumfungia mlango mjukuu wake.