Waliotuchagulia Nyimbo River Road

Ukisoma historia ya muziki wa Kenya utakutana na wapiga gitaa, waimbaji na wenye studio. Yule jamaa aliyesimama nyuma ya kaunta ya duka la santuri kutwa nzima, akiamua wimbo gani uende kwenye spika iliyotazama barabara, hutajwa kwa nadra sana. Kwangu mimi, hapo tumemruka mtu muhimu.

Fikiria Nairobi ya miaka ya 1970. Redio ni moja tu, Sauti ya Kenya, na ni ya serikali. Lugha za kienyeji zinagawana saa, kila moja na zamu yake. Ukitaka benga ya Kijaluo saa nane mchana, pole, subiri. Lakini ukishuka River Road unaisikia bure. Duka hili linapiga D.O. Misiani na Shirati Jazz, la pili Joseph Kamaru, la tatu rumba ya Wakongo. Stesheni za FM za watu binafsi zilikuja katikati ya miaka ya 1990, na Kameme ikaanza kutangaza kwa Kikuyu mwaka 2000. Kabla ya hapo, stesheni ya mwananchi ilikuwa duka.

Mjomba wangu aliifanya kazi hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sasa naandika vibarua vya makala, kwa hivyo muda wa kumsikiliza ninao. Anasema kupiga wimbo dukani kulikuwa na sheria zake.

Sheria ya kwanza: usianze na upande A. Santuri ndogo ya 45 ilibeba dakika chache tu kila upande, na nyimbo zetu zilikuwa ndefu. Basi wimbo ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza huku, ya pili kule. Mara nyingi hadithi ilikuwa A, na magitaa yakachachamaa B. "Mtu anayekimbilia basi hana saa ya hadithi, wewe kijana," mjomba aliniambia. Aliweka B. Mtu akishasimama na kuingia, ndipo anageuziwa A asikie wimbo unasema nini.

Ya pili: jua nani anapita. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, watu wana mshahara mfukoni na wanaelekea Machakos Country Bus kupanda magari ya nyumbani. Mabasi ya Nyanza yakikaribia kujaa, ni benga. Ya Ukambani yakikaribia, anabadilisha sahani.

Ya tatu: usimcheke mteja. Wengi hawakujua jina la wimbo wala la bendi. Waliingia wakaimba na-na-na, wengine wakipotea sauti kabisa, na muuzaji akanyoosha mkono kwenye rafu. Hiyo orodha haikuandikwa popote. Ilikaa kichwani mwake.

Ilikuwa pia nguvu, na nguvu hutumiwa vibaya. Wenye lebo ndogo walizunguka duka hadi duka na santuri chache kwenye mfuko, na aliyekuja na pesa ya soda alipigiwa wimbo wake mara nyingi zaidi. Mjomba hakatai. Anasema kuna wanamuziki wazuri waliorudi kijijini kwa kukosa hiyo soda. Lakini nguvu hiyo hiyo ilisaidia pale redio iliponyamaza. Mwaka 1975, baada ya J.M. Kariuki kuuawa, Kamaru alitoa wimbo kuhusu mauaji hayo. Wimbo kama huo usingetegemea redio ya serikali. Ulihitaji mtu wa kaunta aliye tayari kuuweka.

Kisha kaseti zikaja, na yeyote mwenye redio ya kaseti mbili akawa duka la santuri. Mwaka 2009 zikaja kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele, na spika ya mlangoni ikawa kosa kama huna leseni. Siyalaumu masikio ya watu wa tao. Ila sheria iliita kelele kitu ambacho kwa miaka mingi kilikuwa taarifa.

Melodica, iliyofunguliwa mwaka 1971, bado iko Tom Mboya Street. Kenyatta Market pia utapata santuri za zamani. Wakusanyaji kutoka Ulaya wanazitafuta sana, na kwenye lebo wanasoma jina la bendi, la mtunzi, la prodyusa. Aliyeufanya wimbo upendwe hayupo hapo.

Mjomba ana zaidi ya miaka sabini na sikio la kushoto limechoka. Kila Jumapili namchezea wimbo mmoja kwenye simu, na ninarekodi anachosema: nani aliununua, ulikataliwa wapi, ulipendwa na makanga wa laini gani. Tumefika wimbo wa 32. Kama kwenu kuna mzee aliyewahi kuuza santuri, muulize alikuwa anapiga nini duka likifunguliwa asubuhi. Usingoje mazishi, ambapo nyimbo huchagua DJ.