Lodwar na Kumbukumbu ya Jangwa

Tunapozungumza juu ya miji ya kihistoria katika Kenya, fikira zetu aghalabu huelekea Pwani. Tunaitaja Lamu, tunaitaja Mombasa, tunayataja magofu ya Gedi, kwa kuwa huko jiwe limesimama juu ya jiwe, na mwenye macho haambiwi tazama. Mji wa Lodwar, ulioko katika jangwa la Turkana takriban kilomita 300 kaskazini ya Kitale, haumo katika hesabu hiyo. Hauna ngome wala jumba la masultani. Walakini una somo ambalo miji iliyo mashuhuri kuushinda haiwezi kutupa, nalo ni hili: nchi iliyodhaniwa kuwa tupu haikuwa tupu kamwe.

Lodwar umekaa kando ya mto Turkwel. Mgeni aliyekwisha kupita tambarare za mawe na miti ya miiba hushangaa kuona ukingo wa mto umesitawi miti ya kijani, na miongoni mwake mikoma. Kwa makuti ya mikoma hiyo wanawake wa Kiturkana husuka vikapu vinavyouzwa mjini. Mbuzi na ngamia huteremshwa mtoni kunywa, na pale maji yasipoonekana juu, watu hufukua mchanga hata wayafikie. Tangu mwaka 2013 mji huu umekuwa makao makuu ya Kaunti ya Turkana, na shughuli zake zimeongezeka sana. Lakini hapo mwanzo haukuwekwa kwa manufaa ya wenyeji, bali ulikuwa kituo cha serikali ya kikoloni.

Serikali hiyo haikuipata Turkana kwa urahisi. Waturkana walipigana nayo kwa miaka mingi, na shujaa Ebei anakumbukwa hata leo miongoni mwao. Mwaka 1918 Waingereza walipeleka jeshi kubwa dhidi yao. Watu waliuawa na mifugo ikatekwa kwa wingi, na kwa mfugaji kupoteza mifugo ni kupoteza chakula, mahari na heshima kwa pamoja. Mwaka 1926 nchi hiyo, iliyokuwa ikihesabiwa upande wa Uganda, ilitiwa katika mipaka ya Kenya. Kisha ikafungwa. Kwa sheria ya mwaka 1902 na nyingine ya mwaka 1934, wilaya za namna hiyo hazikuingiwa wala kutokwa bila ya kibali.

Ndipo watawala walipoona kwamba nchi iliyofungwa yafaa kuwafungia watu wengine. Jomo Kenyatta alikamatwa tarehe 20 Oktoba 1952, akashtakiwa Kapenguria pamoja na wenzake watano, na mwezi wa Aprili 1953 akahukumiwa kifungo cha miaka 7. Alipelekwa Lokitaung, mbali zaidi kaskazini ya Lodwar. Huko walikuwako Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Paul Ngei, na baadaye Waruhiu Itote, ambaye Kenyatta alimfundisha Kiingereza gerezani. Muda wa kifungo ulipokwisha mwaka 1959, Kenyatta hakurudishwa kwao. Alihamishiwa Lodwar, akawekwa katika nyumba ndogo chini ya amri ya kutotoka.

Nyumba hiyo ingaliko, nayo imehifadhiwa kama kumbukumbu ya taifa. Si nyumba ya fahari, na anayekwenda kuitazama kwa kutaraji mapambo atarudi mikono mitupu. Thamani yake ni katika yale yaliyoshindikana humo. Wakoloni walitaraji kwamba jangwa lingemsahaulisha Kenyatta kwa watu wake. Mwaka 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung ilivushwa kwa siri, ikachapishwa London katika gazeti la The Observer. Mwezi wa Juni mwaka uo huo, Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akatangaza kwamba wafungwa hao ndio viongozi wa kweli wa wananchi. Mwaka 1960 chama cha KANU kilipoundwa, wajumbe walimchagua Kenyatta kuwa rais wake angali kizuizini Lodwar, nayo serikali ikakataa. Mwezi wa Machi 1961 viongozi wa KANU na wa KADU walisafiri hadi Lodwar kuonana naye. Mji uliochaguliwa kwa sababu ya umbali wake ukawa ndio mji unaoendewa. Mwezi uliofuata alihamishiwa Maralal, na mwezi wa Agosti akarejea Gatundu akiwa huru.

Hapa ndipo masimulizi mengi yanapokoma, na hapa ndipo sisi tunapenda mwanafunzi aulize swali moja zaidi. Kenyatta alipoondoka, Waturkana walibaki. Kufuli lililomfungia yeye kwa miaka michache liliwafungia wao vizazi kadhaa, na sheria zile mbili hazikufutwa hata mwaka 1997, miaka 34 baada ya uhuru. Si ajabu basi kwamba wazee wa kaskazini walizoea kumwuliza msafiri aelekeaye kusini, "Unakwenda Kenya?" Maneno hayo si mzaha. Ni historia iliyokaa katika ulimi.

Nao wenyeji hawakuanza kuwako siku alipofika mkoloni. Kando ya njia itokayo Lodwar kwenda Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, pana nguzo za mawe meusi zilizosimikwa na watu wa kale. Waturkana huziita Namoratunga, na husimulia kwamba ni wachezaji ngoma waliogeuzwa mawe. Apitaye huweka kijiwe juu yake kwa heshima. Kwenye pwani ya ziwa hilo hilo, mahali paitwapo Lothagam, wataalamu walitangaza mwaka 2018 habari za makaburi ya wafugaji wa miaka kama 5,000 iliyopita. Walikadiria kwamba watu wasiopungua 580 walizikwa hapo, wazee kwa watoto, wanaume kwa wanawake, karibu wote wakiwa na mapambo yao, pasipo dalili kwamba wengine walitukuzwa kuliko wenzao.

Kwa hiyo, mwalimu atakayewaongoza wanafunzi hadi Lodwar na awaonyeshe nyumba ile, kwani ni haki yao kuijua. Lakini asiishie mlangoni pake. Awapeleke mtoni na penye nguzo, awape nafasi ya kuwasikiliza wazee. Nyumba ile yasimulia habari za mgeni wa miaka miwili. Habari za wenyeji ni ndefu zaidi, na taifa lisilozijua litakuwa limeyakubali, bila ya kukusudia, maneno ya mkoloni kwamba huko hakuna kitu.