Kimiminika Kilichobaki

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini betri ya simu haitiwi maji, kama ya gari, bali kimiminika kinachowaka kama petroli. Nilimwahidi jibu, hili hapa.

Elektroliti ndiyo njia wanayopita ioni kati ya ncha mbili za betri. Maji huanza kuvunjika kwenye volti 1.23 hivi, ilhali betri ya lithiamu hufanya kazi kwenye volti 3.6 au zaidi. Hivyo wavumbuzi waliyakimbia maji, wakayeyusha chumvi ya lithiamu katika vimiminika vya kaboni. Nguvu ikapatikana, na hatari ikaja nayo.

Miaka ya 1970 Stanley Whittingham, akiwa Exxon, alitumia metali tupu ya lithiamu, na moto ukazuka maabara. Metali hiyo huota miiba inayotoboa utando kati ya ncha mbili. Kampuni ya Moli Energy ya Kanada ikaziuza betri za metali hiyo hata hivyo. Mwaka 1989 simu zilizozitumia ziliwaka moto Japani, na kampuni ikaanguka. Wakati huo Akira Yoshino alikwisha kuiondoa metali na kuweka kaboni mahali pake. Aliangushia betri yake kipande kizito cha chuma, isilipuke. Mwaka 1991 Sony ikaanza kuiuza.

Lakini tazameni kilichobadilishwa: ni ncha. Kimiminika kilibaki chenye kuwaka, na tangu hapo usalama umejengwa kukizunguka: utando unaoziba vinyweleo vyake joto likipanda, tundu la kupumulia gesi, saketi ya kukata umeme. Ni sawa na kuweka mlinzi mlangoni mwa ghala la baruti. Mwaka 2013 ndege zote za Boeing 787 zilizuiwa kuruka kwa sababu ya betri; mwaka 2016 Samsung ikaiondoa sokoni Galaxy Note 7.

Si kwamba njia nyingine haikutafutwa. Viungo vya fosfeti huzima moto, ila vikitiwa vya kutosha huiharibu ncha ya grafiti. Mwaka 2015 watafiti wa Maryland na maabara ya jeshi la Marekani walijaza maji chumvi nyingi mno, hata yakastahimili volti 3. Miaka miwili baadaye wenzao wa Tokyo walifanya vivyo hivyo kwa fosfeti, wakapata elektroliti inayozima moto na isiyoidhuru grafiti. Tatizo ni kwamba chumvi hizo ni ghali, na soko hununua kwa bei.

Juzi nililetewa rasimu ya viwango vya betri za pikipiki za umeme niitolee maoni. Ilitaja uwezo, muda wa kuchaji na dhamana. Kuhusu kimiminika haikuwa na neno. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: kikivuja penye cheche, kinawaka?