Saluti Isiyopigwa

Chama cha wenye magari cha Uingereza, AA, kilizaliwa London mwaka 1905 si kwa ajili ya magari mabovu, bali kuwakwepa polisi waliotega wenye mwendo kasi. Walinzi wake, wakiwa juu ya baiskeli, waliwatahadharisha madereva.

Mwaka 1910 mahakama iliamua kuwa kumwonya dereva aliyekuwa akivunja sheria ni kumzuia askari kazini. Ujanja ukabuniwa: mlinzi alimpigia saluti kila mwanachama; asipopiga, mwenye gari alijua mbele kuna mtego. Nani angeshtakiwa kwa kutosalimia?

Msaada wa kiufundi ulikuja taratibu. Kuanzia 1912 vilijengwa vibanda kando ya barabara, baadaye vikawekwa simu, na mwanachama akapewa ufunguo. Huduma ya usiku ilianza 1949, London tu.