Ugonjwa wa moyo kwa vijana wenye lupasi

Lupasi ni ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe: ngozi, maungio, figo, damu, na pia moyo. Wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa kati ya miaka 15 na 45, umri ambao daktari hatarajii kukuta moyo mbovu.

Tatizo la moyo linaloonekana zaidi ni uvimbe wa utando unaouzunguka. Kifua huuma mgonjwa anapolala chali na kupata nafuu anapoketi na kuinama mbele. Vali nazo huota vinundu visivyotokana na vijidudu, kama walivyoeleza Emanuel Libman na Benjamin Sacks wa New York mwaka 1924.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, huja kimyakimya kupitia mishipa ya damu. Mwaka 1976, Murray Urowitz na wenzake wa Toronto walibaini kwamba vifo vya lupasi huja kwa awamu mbili: vya mapema husababishwa na makali ya ugonjwa na maambukizi, vya baadaye na shambulio la moyo. Utafiti wa Pittsburgh uliotolewa mwaka 1997 ulikuta kwamba wanawake wenye lupasi wa miaka 35 hadi 44 walikuwa na uwezekano wa kupata shambulio hilo zaidi ya mara 50 ya ule wa wenzao wasio nayo. Namba hiyo hutisha kuliko inavyostahili, kwani katika umri huo tukio lenyewe ni nadra. Lakini mwelekeo wake hauna ubishi.

Sababu ni kadhaa. Uvimbe wa muda mrefu huharibu kuta za ndani za ateri. Figo zikiugua, shinikizo la damu hupanda. Baadhi ya wagonjwa wana kingamwili za antifosfolipidi zinazogandisha damu. Predinisoloni, dawa inayowaokoa wengi, ikitumiwa kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu huongeza uzito, sukari na lehemu. Vikokotoo vya kawaida vya hatari ya moyo haviyapimi mengi ya haya, tena huupa umri uzito mkubwa, hivyo msichana wa miaka 28 huonekana salama.

Haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini iliyotumika sana Afrika Mashariki kutibu malaria, hupunguza milipuko ya lupasi na uwezekano wa damu kuganda. Anayeitumia kwa miaka mingi hupimwa macho mara kwa mara, na dozi ya predinisoloni hushushwa hadi kiwango cha chini kinachotosha kuutuliza ugonjwa.