Kura za Busia na Tororo: Miongo ya majaribio ya tiba mpakani

Mwaka 1998, katika iliyokuwa wilaya ya Busia nchini Kenya, shule 75 za msingi za tarafa za Budalang'i na Funyula ziliorodheshwa kwa kanda, kisha kwa mpangilio wa alfabeti. Orodha ikahesabiwa: moja, mbili, tatu; moja, mbili, tatu. Shule zilizoangukia namba moja zilipata dawa za minyoo mwaka huohuo. Za namba mbili zilianza 1999, na za namba tatu zikasubiri hadi 2001. Hesabu hiyo nyepesi iliwagusa watoto zaidi ya 30,000, ikafika mezani kwa watunga sera na ikazusha ubishi wa kitaalamu ambao haujazimika hadi leo.

Wasafiri wengi wanaujua ukanda huu kwa malori yanayopanga foleni Busia na Malaba, na kwa Mwamba wa Tororo unaoonekana kutoka mbali. Wachache wanajua kwamba baadhi ya maswali makubwa ya afya ya umma duniani yameulizwa na kujibiwa hapa. Jibu la utafiti hutegemea mambo yanayoamuliwa kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa: nani atalinganishwa na nani, kura itapigwaje, wanahitajika watu wangapi, na ni kipimo gani kitakachohesabiwa kuwa ushindi. Hiyo ndiyo kazi ya mtaalamu wa takwimu za tiba. Jina lake ni nadra kutajwa redioni, lakini bila yeye dawa nzuri na dawa duni haziwezi kutofautishwa.

Kutoka London hadi Teso

Jaribio linalohesabiwa kuwa mwanzo wa zama hizi lilichapishwa Uingereza mwaka 1948. Dawa ya streptomaisini ilikuwa mpya na haba. Mtaalamu wa takwimu Austin Bradford Hill alipendekeza wagonjwa 107 wa kifua kikuu wagawanywe kwa namba za bahati zilizofungwa ndani ya bahasha, ili daktari asiweze kumchagulia dawa mgonjwa aliyemwona ana nafuu. Kwa kuwa dawa haikuwatosha wote, kura ilikuwa pia njia ya haki ya kuigawa.

Haikuchukua muda mrefu mtindo huo kufika Afrika Mashariki. Tororo kulikuwa na taasisi ya kikanda ya utafiti wa malale na ndorobo. Alupe, nje kidogo ya mji wa Busia upande wa Kenya, kulikuwa na kituo cha Afrika Mashariki cha utafiti wa ukoma. Kaskazini kidogo, katika Teso ya Uganda, mwaka 1960 lilianza jaribio la chanjo ya BCG dhidi ya ukoma kwa watoto walioishi karibu na wagonjwa au waliokuwa jamaa zao. Daktari James Kinnear Brown alishirikiana na Ian Sutherland, mtaalamu wa takwimu wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Sehemu ya watoto walichanjwa na wengine hawakuchanjwa, kisha wote wakafuatiliwa kwa miaka. Chanjo ilipunguza ukoma kwa takriban 80%. Jaribio la aina hiyohiyo nchini Burma lilipata kinga ya karibu 20% tu. Tofauti hiyo ilionyesha mapema kwamba jibu la mahali pamoja haliwezi kukopwa na kutumika kwingine bila kupimwa.

Shule 75 na swali la minyoo

Turudi Budalang'i na Funyula. Wachumi Michael Kremer na Edward Miguel, wakifanya kazi na shirika la Kiholanzi la ICS, walikuta kwamba asilimia 92 ya wanafunzi waliopimwa walikuwa na angalau aina moja ya minyoo: safura, minyoo ya mviringo, minyoo mjeledi au kichocho. Kwa nini hawakupiga kura ya mtoto mmoja mmoja? Kwa sababu minyoo huambukizwa. Ukimtibu mtoto mmoja, mayai ya minyoo hupungua katika udongo wa uwanja anaochezea pamoja na jirani yake, na jirani ambaye hakupewa dawa naye hupata nafuu. Ukiwalinganisha wawili hao utaona tofauti ndogo, ukadhani dawa haina maana. Ndiyo maana kura ilipigwa kwa shule nzima.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama zake. Watoto walikuwa zaidi ya 30,000, lakini vitu vilivyogawanywa vilikuwa 75 tu. Katika hesabu za takwimu nguvu ya ushahidi huanzia kwenye idadi ya kura, na wingi wa vichwa peke yake hautoshi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba utoro ulipungua kwa karibu robo, ingawa alama za mitihani hazikupanda. Shule jirani ambazo hazikuwa zimepewa dawa nazo zilionekana kunufaika.

Kisha ukaja ukaguzi. Mwaka 2015 wataalamu wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walizichambua upya takwimu zilezile. Walikuta makosa ya hesabu, hasa katika makadirio ya faida kwa shule za mbali, na wakasema kuhesabu kwa alfabeti si sawa na kura ya kweli. Watafiti wa awali walijibu kwamba matokeo makuu yalibaki imara. Ubishi ukawa mkali, lakini naamini uliiheshimu Busia. Takwimu za watoto wa Funyula zilichukuliwa kwa uzito uleule wa takwimu za hospitali kubwa za Ulaya, zikafunguliwa na kukaguliwa mstari kwa mstari. Watoto hao waliendelea kufuatiliwa hadi utu uzima. Ripoti ya mwaka 2021 ilieleza kwamba miaka 20 baadaye, waliopata dawa kwa miaka miwili hadi mitatu zaidi walikuwa na matumizi ya nyumbani makubwa kwa 14%. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa majaribio ya namna hii.

Septrin, pikipiki na kipimo cha damu

Ng'ambo ya pili, Tororo na Busia ya Uganda zilikuwa zikizika watu kila siku kwa UKIMWI. ARV zilikuwa ghali mno. Kati ya 2001 na 2003 watafiti waliwapa Septrin, dawa ya kuua bakteria, kila siku watu 509 wenye VVU. Hapakuwa na kundi lililopewa kidonge kisicho na dawa, kwa kuwa majaribio ya awali yaliyofanyika Abidjan, Kodivaa, yalikwisha kuonyesha faida, na kumnyima mgonjwa dawa hiyo kungekuwa dhuluma. Badala yake wagonjwa walifuatiliwa miezi kadhaa kabla ya dawa, kisha baada ya kuianza, huku zaidi ya ndugu 1,500 wasio na VVU wa nyumba hizohizo wakifuatiliwa sambamba, ili mabadiliko ya msimu wa mvua au njaa yasidhaniwe kuwa kazi ya dawa. Vifo vilipungua kwa 46%, na malaria kwa 72%. Dawa ya bei ya chini iliyojulikana miaka mingi ilikuwa ikiokoa maisha.

ARV zilipofika mwaka 2003, swali lilibadilika. Kwamba dawa zinafanya kazi lilikuwa limeshajulikana. Kilichotakiwa kujulikana ni vipimo gani vya lazima mahali pasipo na maabara. Zaidi ya watu 1,000 waligawanywa katika makundi matatu: wa kwanza walifuatiliwa kwa dalili tu, wa pili waliongezewa kipimo cha CD4, yaani seli za kinga, na wa tatu waliongezewa pia kipimo cha wingi wa virusi. Wahudumu wa kawaida, wasio madaktari, walipita kila wiki nyumbani kwa wagonjwa kwa pikipiki, wakipeleka dawa na kuuliza hali. Waliofuatiliwa kwa dalili peke yake waliugua na kufa zaidi. Kuongeza kipimo cha virusi juu ya CD4 hakukuonyesha faida ya wazi katika miaka mitatu ya kwanza. Wizara yenye bajeti finyu haiwezi kupata jibu kama hilo kwa kubahatisha.

Siku kamati iliposema inatosha

Mwaka 2008 Tororo ikawa moja ya vituo tisa vya jaribio la Partners PrEP, la dawa za kumkinga asiye na VVU asiambukizwe, pamoja na Kampala, Jinja, Mbale na Kabwohe, na kwa Kenya Kisumu, Eldoret, Nairobi na Thika. Jozi 4,758 za wenza, mmoja ana VVU na mwingine hana, zilijitolea. Asiye na VVU alipewa kwa kura tenofovir, au mchanganyiko wa tenofovir na emtrisitabini, au kidonge kisicho na dawa. Wote walipewa kondomu na ushauri.

Katika jaribio kama hili daktari na mshiriki hawajui nani anameza nini. Anayejua ni mtaalamu wa takwimu anayeiandalia ripoti kamati huru ya usalama. Kamati hufungua hesabu kwa vipindi vilivyopangwa tangu mwanzo, ikiwa na mipaka iliyoandikwa mapema: tofauti ikifika hapa, simamisheni. Mipaka hiyo huzuia watu kusherehekea bahati ya miezi michache. Julai 10, 2011 kamati iliagiza kidonge kisicho na dawa kiachwe. Maambukizi yalikuwa 52 katika kundi la kidonge hicho, 17 kwa tenofovir na 13 kwa mchanganyiko. Miezi mitatu kabla, jaribio jingine kwa wanawake, FEM-PrEP, lililokuwa na kituo Bondo, lilisimamishwa kwa sababu halikuelekea kuonyesha faida yoyote. Baadaye ilibainika kuwa wengi hawakuwa wakimeza vidonge. Majibu hayo mawili yalilazimika kusomwa pamoja: PrEP humkinga anayeimeza.

Mama mjamzito wa Nagongera

Nagongera, wilayani Tororo, mtu mmoja alikadiriwa kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 310 kwa mwaka. Wajawazito walikuwa wakipewa SP, inayofahamika kama Fansidar, ambayo vimelea vilikuwa vimeizoea. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Abel Kakuru, Moses Kamya na Grant Dorsey waliandikisha wanawake 300 Tororo. Kwa kura, wengine walipata SP, wengine dihidroatemisinini-piperakwini mara tatu, na wengine dawa hiyo kila mwezi. Malaria katika kondo la nyuma ilipatikana kwa 50% ya kundi la SP, 34% ya kundi la dozi tatu na 27% ya kundi la kila mwezi. Ilionekana dawa mpya imeshinda.

Waliosanifu jaribio lililofuata wangeweza kuridhika na kondo. Hawakuridhika. Jaribio lilihamia Busia ya Uganda, ambako kampeni ya kunyunyizia dawa za mbu majumbani iliyoanza Tororo Desemba 2014 haikuwa imefika. Wanawake wakawa 782, na safari hii kipimo kikuu kilichoandikwa mapema kilikuwa mtoto mwenyewe: je, amezaliwa kabla ya wakati, na uzito pungufu, au mdogo kuliko umri wa mimba? Matokeo ya mwaka 2019 yaliwashangaza wengi. Malaria ilipungua sana kwa dawa mpya, lakini watoto wenye matatizo walikuwa 16% kwa SP na 18% kwa dawa mpya. Huenda SP, ambayo pia huua baadhi ya bakteria, inamlinda mtoto kwa njia nyingine. Ndipo mwaka 2020 likaanza jaribio jingine Busia, likilinganisha SP, dawa mpya, na zote mbili kwa pamoja. Kama kipimo kikuu kingebaki kondo, huenda SP ingeachwa kwa haraka, na hasara ingewaangukia watoto.

Jozi 16

Jaribio kubwa kuliko yote haya ni SEARCH, lililoanza 2013. Lilichagua jamii 32 za vijijini Uganda na Kenya, zikiwemo za wilaya ya Tororo, zenye watu 150,395. Swali lilikuwa kama kumpima kila mtu na kumtibu mapema kila mwenye VVU kungezuia maambukizi mapya. Laura Balzer na Maya Petersen, wataalamu wa takwimu, walisaidia kuchambua jamii 54 zilizofaa na kutafuta zinazofanana zaidi kwa idadi ya watu, njia za biashara na uhamaji. Zikabaki jozi 16, na katika kila jozi kura ikaamua. Kwa hiyo nyuma ya watu laki moja na nusu kulikuwa na kura 16, na kila jozi ilibeba uzito mkubwa.

Baada ya miaka mitatu maambukizi mapya yalikuwa 0.77% upande mmoja na 0.81% upande wa pili. Tofauti haikuonekana. Lakini jamii za kulinganishia nazo zilikuwa zimepimwa mwanzoni, na sera za nchi zilibadilika katikati ya safari, wote wakaruhusiwa kutibiwa. Umbali kati ya pande mbili ulipungua kwa sababu hali iliboreka kotekote. Hata hivyo vifo vya wenye VVU vilikuwa pungufu kwa 23% katika jamii zilizopata huduma kamili, na kifua kikuu na shinikizo la damu vilidhibitiwa vizuri zaidi.

Nani atasanifu majaribio yajayo?

Sehemu kubwa ya hesabu za majaribio haya ilifanyika Seattle, London na Berkeley. Waliokubali kuingia kwenye kura walikuwa Wasamia, Iteso, Wajopadhola, Wabanyole na jirani zao. Hali imeanza kubadilika: watafiti Waganda na Wakenya sasa wanaongoza, na Makerere ina idara ya epidemiolojia na takwimu za tiba. Chuo Kikuu cha Busitema kina tawi lake Nagongera kwenyewe, na Chuo Kikuu cha Alupe kipo jirani na kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Serikali mbili na kaunti ya Busia zina sababu zote za kuvifanya vyuo hivi kuwa mahali pa kufundisha usanifu wa majaribio, na kudai kwamba kila utafiti unaofanyika hapa umlee angalau mtaalamu mmoja wa takwimu wa hapa. Zina wajibu pia wa kuhakikisha matokeo yanarudi vijijini, yakisomwa barazani kwa Kiteso, Kidhopadhola, Kisamia na Kiswahili, hata pale jibu linapokuwa kwamba tofauti haikuonekana. Mama aliyekubali kura impangie kidonge ana haki ya kujua kura hiyo iliwafundisha nini madaktari, na ana haki ya kushauriwa ni swali gani lifuate.